Mwaka wa Kwanza na Mwanafunzi Wangu wa Darasa la Tatu

Nilipochaguliwa kujiunga na chuo kikuu nilikuwa na miaka arobaini na moja, mke wa mtu, mama wa watoto watatu, na mwalimu wa shule ya msingi niliyefundisha Igoma karibu tangu nilipomaliza chuo cha ualimu Butimba. Walimu wenzangu wengi walikuwa wanakimbia madarasa ya chini. Mimi niliomba mwenyewe kubaki darasa la tatu. Watoto wa umri ule wameshajua kusoma, lakini bado hawajajifunza kuogopa kuuliza.

Kwa miaka mingi nilisema nitakwenda kusoma shahada, na kwa miaka mingi kulikuwa na sababu ya kungoja. Mara mtoto mchanga, mara mwingine, mara mama mkwe aliyeugua akakaa kwetu mpaka alipopona. Mwaka ule nilitazama huku na huku nikaona sababu zimekwisha. Nikaenda mtaa wa Mabatini, kwenye karakana ya mume wangu, nikamkuta anachomelea geti. Nilisubiri azime mashine.

"Nimechaguliwa," nikamwambia. "Chuo kikuu. Nitasomea ualimu na lugha."

Alivua miwani yake myeusi, akanitazama, akaliangalia geti, akanitazama tena.

"Hapa hapa Mwanza?"

"Hapa hapa."

"Basi nenda, mama watoto. Ila usije ukaanza kutusahihisha Kiswahili tukiwa tunakula."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote. Lakini jioni ile nilimsikia akimwambia jirani, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika mpaka barabarani, kwamba mke wake anakwenda chuo kikuu.

Siku ya kwanza ya masomo niliwahi, kama walimu tunavyowahi. Ukumbi ulikuwa mtupu. Ulijengwa mlimani katikati ya mawe makubwa, na madirisha ya upande mmoja yaliangalia ziwa. Nilikaa mstari wa mbele, nikatoa daftari jipya, kalamu na rula. Nilikuwa nimevaa suti ya kitenge niliyoshonesha kwa ajili ya siku hiyo.

Vijana walipoanza kuingia, kila aliyepita mbele yangu alipunguza mwendo.

"Shikamoo madam."

"Marahaba."

"Shikamoo madam."

"Marahaba, hujambo?"

Nilidhani ni malezi mazuri tu, mpaka kijana mmoja mrefu alipoinama mbele ya meza yangu akauliza kwa heshima zote, "Samahani madam, leo tunaanza na mada gani?"

"Sijui, mwanangu," nikamjibu. "Na mimi namsubiri mwalimu."

Akabaki amesimama kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. Aliyekuwa nyuma yake akacheka, mstari wote ukacheka, na mimi nikacheka nao kwa sababu kunyamaza kungekuwa kubaya zaidi. Moyoni lakini nilijiona mzee kuliko yale mawe ya nje.

Ndipo msichana mmoja akashuka ngazi kutoka viti vya juu. Alikuwa na nywele fupi, suruali ya jinzi na begi mgongoni. Alipofika kwangu alipiga goti, vile mabinti wa Kisukuma wanavyofundishwa nyumbani, mbele ya ukumbi mzima.

"Shikamoo mwalimu. Unanikumbuka? Ulinifundisha Igoma, darasa la tatu."

Nilimtazama vizuri. Uso ulikuwa umerefuka, lakini alikuwa bado na ile tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja akisubiri jibu.

"Wewe ndiye uliyeniuliza maji moja yanaitwaje."

Akafunika mdomo kwa mkono. "Jamani mwalimu, umekumbuka hilo?"

Ningelisahauje? Tulikuwa tunafanya umoja na wingi siku ile, kitabu vitabu, mti miti, na yeye akanyoosha mkono akauliza, kama maji ni wingi, je, maji moja yanaitwaje. Nilimjibu kwamba maji hayahesabiki. Kesho yake alikuja akaniambia kwamba ameyahesabu ya nyumbani kwao, na yalikuwa ndoo nne.

"Sasa tuko darasa moja," alisema pale ukumbini, na niliona jambo hilo linamtatiza yeye kuliko mimi. Hakurudi kule juu. Alikaa kiti cha pili kutoka changu, akaacha kimoja katikati yetu, kama vile hicho kilikuwa cha heshima.

Mhadhiri alipoingia alikuwa kijana kuliko mdogo wangu wa mwisho. Kozi yake ilikuwa utangulizi wa isimu, yaani elimu ya lugha na jinsi inavyofanya kazi, na aliifundisha kwa Kiingereza. Kiingereza nilikuwa nacho, lakini kilikuwa kama vyombo vya wageni, kinakaa kabatini na kutolewa mara chache. Yule bwana alikitumia kama sufuria ya kila siku. Nilichoweza kufanya ni kuandika. Niliandika kila alichosema na kila alichoonyesha ukutani, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, na vichwa vya habari nikavipigia mstari kwa rula. Kipindi kilipokwisha nilikuwa na kurasa nyingi kuliko mtu yeyote, na sikuwa nimeelewa hata moja.

Baada ya hapo tuligawanywa katika vikundi vya watu watatu. Mimi niliangukia na yule binti pamoja na yule kijana mrefu aliyenidhania mhadhiri. Huyu alikuwa mtu wa Ukerewe, mpole, mwenye kucheka polepole. Tulimchagua binti awe kiongozi, naye akaanza kugawa kazi ya kwanza.

"Wewe utatafuta vitabu maktaba," akamwambia kijana. "Mimi nitaandika na kuchapa. Mwalimu..." Akasita, akaizungusha kalamu yake vidoleni. "Mwalimu, wewe utatuombea."

Hakuwa anatania. Kumpa kazi mtu aliyemfundisha kushika kalamu lilikuwa jambo lisilopita kooni mwake. Basi wao wakafanya kazi na mimi nikaleta maandazi. Tulipata alama nzuri, na jina langu likawa juu ya karatasi pamoja na yao. Nilijisikia kama mtu aliyekula harusi ya watu bila kualikwa.

Siku mbili baadaye nilimwita binti tukakae nje ya kantini, kwenye jiwe bapa ambalo wanafunzi walilifanya benchi. Nilinunua chai na chapati. Alikula kwa adabu, akisubiri nimwambie nilichomwitia.

"Binti yangu, sikuja hapa kuombea watu," nikamwambia. "Nimekuja kusoma. Usiponipa kazi nitarudi nyumbani kama nilivyokuja."

"Najua, mwalimu. Lakini nikufanyeje? Siwezi hata kukuita kwa jina."

"Niite mwalimu, sina neno. Ila kazi nipe kama unavyompa mwenzako."

Akafikiri. "Na nikikuta umekosea?"

"Unisahihishe."

"Kwa kalamu nyekundu?"

Nilimtazama nikaona anajizuia kucheka. Nikaanza mimi. Tulicheka mpaka korongo waliokuwa wanangojea makombo karibu na jalala wakasogea mbali. Tangu siku ile alinipa kazi, na hakunipunguzia.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kuijua kompyuta. Chuoni kila kitu kilipitia humo, toka ratiba mpaka kukabidhi kazi zenyewe. Nilichapa kwa kidole kimoja, nikitafuta kila herufi kama mtu anayeokota mawe kwenye mchele. Binti alikaa kando yangu kwenye chumba cha kompyuta, mikono ameikalia ili asinisaidie. Alisema mimi ndiye niliyewafundisha hivyo, kwamba mtoto akishikwa mkono kila siku hataandika mwenyewe. Nyumbani, mwanangu wa darasa la tano alinifundisha kuweka nukta mbili na alama ya mshangao, akadai soda kama ada.

Kisha likaja jaribio la kwanza. Nilijiandaa kama nilivyojiandaa maisha yangu yote, kwa kukariri. Nilikariri kurasa zangu zote nikiwa nakuna nazi, nikiwa nafua, nikiwa njiani. Ndani ya chumba cha mtihani kalamu yangu ilikimbia. Nilitoka nikiwa na uhakika nitakuwa wa kwanza.

Nilipata alama za chini kuliko wenzangu wote wawili. Mwisho wa karatasi mhadhiri alikuwa ameandika maneno machache kwa Kiingereza, ambayo maana yake ilikuwa: haya yote niliyasema mimi, wewe unasemaje?

Nilikwenda ofisini kwake. Aliponiona mlangoni alisimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu."

Tukabaki tunatazamana, kila mmoja akimwona mwenziwe kuwa ndiye mkubwa. Akanivutia kiti. Nikaiweka karatasi mezani na kumwomba anionyeshe kosa, kwa sababu nilikuwa nimelitafuta sikuliona.

"Mama, kosa halipo," alisema, kwa Kiswahili sasa, na kwa upole zaidi kuliko darasani. "Umeandika kila nilichosema, na kwa mwandiko ambao ningeweza kuutundika ukutani. Lakini swali halikuuliza mimi nilisema nini. Liliuliza kwa nini."

"Hiyo 'kwa nini' ni yako wewe msomi," nikamjibu. "Sisi tulifundishwa kusikiliza."

"Umefundisha muda gani?"

Nikamwambia.

"Basi una mambo uliyoyaona ambayo mimi sijayaona. Yako wapi humu?" Akagonga karatasi kwa kidole. "Nayatafuta humu siyaoni."

Nilitoka pale nimenuna. Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Niliteremka mpaka ufukweni, nikakaa kwenye jiwe, nikatazama watu waliokuwa wanaosha pikipiki zao ziwani. Nilitaka kumkasirikia yule bwana, hasira ikakataa kukaa. Kila nilipoirudia karatasi ile kichwani niliona amesema kweli. Sikuwemo.

Kesho yake nilimwonyesha binti. Aliisoma yote, kisha akainamisha kichwa upande.

"Mwalimu, kuna njia tunayoitumia mimi na huyu kaka. Tunasoma aya moja. Tunafunga kitabu. Kila mtu anaieleza kwa Kiswahili, kama anamweleza bibi yake. Kisha tunabishana. Mpaka tubishane ndiyo tunaandika."

"Kubishana na kitabu?"

"Na kitabu, na sisi wenyewe. Wewe hukutaka kubishana na sisi kwa sababu unatuona watoto. Sisi hatukutaka kubishana na wewe kwa sababu ni mwalimu. Ndiyo maana umesoma peke yako."

Tulianza siku hiyo hiyo, chini ya ngazi za maktaba, mahali ambapo kelele hazikumsumbua mtu. Aya ya kwanza ilinichukua muda mrefu. Nilikuwa nimeisoma na kuikariri, lakini nilipoambiwa nieleze kwa Kiswahili, kama nazungumza na bibi, nilikuta mdomoni hamna kitu. Nikaisoma tena. Mara ya tatu ikafunguka. Ilikuwa inasema tu kwamba kila lugha huchagua sauti chache kati ya sauti nyingi ambazo kinywa cha mtu kinaweza kuzitoa, na mtoto huzizoea hizo mpaka masikio yake yanaacha kuzisikia nyingine.

"Hilo silikubali," alisema yule kijana. "Mbona mimi nasikia Kisukuma vizuri na mimi ni Mkerewe?"

"Unasikia, au umezoea?" nikamuuliza.

Tukabishana. Alikuwa na hoja na mimi nilikuwa na hoja, na binti akatuchochea kama moto wa kuni. Niliporudi nyumbani jioni nilikuwa na furaha ambayo sikuielewa. Mume wangu akaniuliza kama nimepata alama mpya. Nikamwambia hapana, nimegombana na watoto wawili. Akasema anaona chuo kimenikubali.

Katikati ya muhula tulipewa kazi kubwa. Kila kikundi kilitakiwa kutafuta jambo moja kuhusu lugha inavyotumika Mwanza, kulichunguza, kisha kuliwasilisha mbele ya darasa zima kwa Kiingereza. Wengine walikimbilia lugha ya wapiga debe, wengine maneno ya sokoni. Sisi tulikaa chini ya ngazi zetu tukaangaliana.

"Mwalimu," alisema binti, "kuna kosa gani ulilolisahihisha sana maishani mwako?"

Sikuhitaji kufikiri. "L na r. Mtoto anaandika balua badala ya barua. Kalatasi. Sukali. Unasahihisha leo, kesho unayakuta pale pale."

"Kwa nini wanakosea?"

Nilifungua mdomo niseme ni uzembe, kama tulivyokuwa tukisema sote ofisini kwa walimu. Nikaufunga. Nilikumbuka ile aya ya sauti na masikio. "Sijui," nikasema. "Twende tukaangalie."

Mwalimu mkuu wangu wa Igoma alitupokea kwa mikono miwili. Watoto niliowaacha darasa la tatu sasa walikuwa la nne, na waliponiona nikipita dirishani walipiga makofi bila kuambiwa. Binti alisimama mlangoni mwa darasa lake la zamani akatazama madawati. Alisema yalikuwa makubwa zaidi siku zile. Kisha akaingia, akawaeleza watoto kwamba na yeye alisoma humo, na kwamba mimi ndiye niliyemfundisha, na sasa tunasoma wote chuo kikuu. Mtoto mmoja wa mbele akamuuliza nani anapata alama nyingi. Akamjibu, "Tunashindana." Watoto walifurahi sana kusikia kwamba mwalimu anaweza kushindwa.

Tuliwapa imla. Mimi nilisema nikisoma mimi watajua ninachotaka, kwa hiyo kijana wa Ukerewe ndiye aliyesoma maneno, polepole, na watoto wakaandika. Tulimuuliza pia kila mmoja nyumbani kwao wanaongea lugha gani.

Jumamosi tulizitandaza karatasi zile juu ya meza ya chakula nyumbani kwangu. Mume wangu alipita na kikombe chake cha chai, akasoma moja, akasema haoni kosa lolote, kwani hata yeye husema balua na barua zake zote zimefika. Tulimfukuza akaenda kukaa barazani, akicheka.

Mwanzoni nilichoona ni yale yale niliyoyaona miaka yote, fujo. Ndipo binti akasema tuzipange kwa lugha ya nyumbani. Tukazipanga. Rundo la watoto wa Kisukuma lilikuwa kubwa, na ndani yake wengi waliweka l mahali pa r: balua, kalatasi, sukali. Walifanya hivyo kwa utaratibu, neno baada ya neno, kama watu waliokubaliana. Rundo dogo lilikuwa la watoto wa Kikurya, ambao familia zao zilihamia Igoma kutoka upande wa Musoma. Hao walikwenda kinyume: karamu, mrango, rara. Na wao walishika utaratibu wao.

"Huu si uzembe," nikasema taratibu. "Mzembe hukosea ovyo. Hawa wanasikia kwa masikio ya nyumbani."

"Endelea, mwalimu," alisema binti. Alikuwa ameacha kuandika, ananitazama mimi.

Zilibaki karatasi chache zisizoingia popote. Zilikuwa za watoto wa Kisukuma, lakini wao waliandika r hata pasipo na r. Chakura. Darasa ra nne. Niliyatazama majina, na niliwajua wote. Walikuwa wale wanaokaa mbele, wanaoleta madaftari yasahihishwe kabla hujamaliza kuuliza. Niliona jambo lile likinijia kama mtu anayekuja kwa miguu kutoka mbali, kwanza huoni ni nani, kisha unaona mwendo wake, kisha unamtambua.

"Hawa ni wale wenye bidii," nikasema. "Wameambiwa mara nyingi kwamba l yao ni kosa. Basi wanaiondoa kila mahali, hata inapostahili kukaa. Hawakosei kwa kutosikiliza. Wanakosea kwa kusikiliza sana."

Kijana wa Ukerewe akapiga meza kwa kiganja. Binti aliandika haraka haraka, na nilipochungulia niliona anaandika maneno yangu. Kwa zaidi ya muongo mmoja nilikuwa nimeziona karatasi kama zile. Sikuwahi kuzisoma hivyo. Nilisimama nikaenda jikoni kuongeza maji kwenye chai, nikasimama tu pale jikoni nikitabasamu peke yangu.

Siku ya kuwasilisha, binti aligawa sehemu. Kijana angeanza, yeye angemaliza, na matokeo, ambayo ndiyo moyo wa kazi yote, alinipa mimi. Nilimwambia Kiingereza chake ni bora kuliko changu. Akasema watoto wale ni wangu.

Ukumbi ulijaa. Zamu yangu ilipofika nilisimama mbele, pale pale ambapo siku ya kwanza walidhani ndipo mahali pangu, nikaanza vizuri. Sentensi ya tatu ikakatika. Neno moja la Kiingereza lilinitoka kichwani nikalitafuta kila mahali. Nilimwona binti ameikalia mikono yake, kama alivyofanya kwenye chumba cha kompyuta.

Nikageuka nikachukua chaki. Niliandika ubaoni "barua" na "balua", kwa ule mwandiko wangu, nikawageukia wale vijana wote wa chuo kikuu.

"Darasa, semeni."

Wakasema, kwa sauti moja, kama watoto wa darasa la tatu. Halafu wakajishtukia, kicheko kikaanza juu kikateremka mpaka mbele. Mhadhiri naye alicheka. Na katika kicheko kile neno nililolitafuta lilirudi lenyewe. Niliendelea kwa Kiingereza mpaka mwisho. Hakikuwa kizuri, lakini kilikuwa changu, na kila mtu alielewa. Nilipofika kwa wale watoto wenye bidii niliona vichwa vikiinuka ukumbini, na nikajua kuwa hata humo ndani wamo waliowahi kuandika chakura.

Mhadhiri alinyoosha mkono wake kama mwanafunzi.

"Swali, mama. Unajuaje kwamba watoto wanayasikia haya kutoka nyumbani? Huenda wanayasikia kwa mwalimu wao."

Kwa maisha yangu yote ya ualimu, mbele ya darasa, sikuwahi kukosa jibu. Pale mwalimu asipokuwa na jibu hutafuta lolote. Nilimtazama binti. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anangoja kama wengine.

"Sijui," nikasema. "Mimi mwenyewe ni Msukuma. Inawezekana kabisa wameyasikia kwangu. Ili tujue, inabidi tumchunguze na mwalimu."

Ukumbi ukapiga makofi, na mimi nikadhani wananihurumia, mpaka nilipoona mhadhiri anaandika na anatikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema hilo ndilo alilokuwa analingoja tangu muhula uanze, mtu aseme hajui na aseme atakavyojua.

Tulipata alama za juu kuliko vikundi vyote. Mtihani wa mwisho wa muhula niliufanya bila kukariri hata ukurasa mmoja. Nilisoma, nikabishana, nikalala mapema. Matokeo yalipotoka, binti ndiye aliyeyaona kwanza kwenye simu. Alinipigia nikiwa sokoni, na kwa sauti yake tu nilijua. Nilikuwa na A katika isimu. Yeye pia. Kijana wa Ukerewe alikuwa na B nzuri, akasema inatosha kwa sababu wivu ungemharibia likizo.

Jumapili niliwaalika nyumbani. Mume wangu alileta sato wakubwa kutoka mwaloni, soko la samaki la ufukweni, na kuwachoma mwenyewe, akiwa amevaa miwani yake ya kuchomelea kwa ajili ya moshi. Binti alikuja na mama yake, mwanamke mnene mwenye kucheka, mfanyabiashara wa vitenge pale Igoma, ambaye zamani alikuwa akija shuleni kuuliza maendeleo ya mtoto.

"Mwalimu," aliniambia akinishika mikono yote miwili, "nilikuletea mtoto akiwa hajui kuandika jina lake vizuri. Nasikia siku hizi mnagombana."

"Kila siku," nikamjibu. "Na ananishinda mara nyingi."

"Nyumbani pia anatushinda. Mimi nilidhani wewe ndiye uliyemfundisha."

Tulikula mpaka jua likaanza kushuka. Watoto wangu walimzunguka binti wakamuuliza habari za chuo, na mdogo akataka kujua kama kweli mama yake hukaa mstari wa mbele. Mume wangu alisema neno fulani lenye r, akalikosea, akanitazama kwa pembe ya jicho. Nikala samaki wangu.

Muhula wa pili ulipoanza, tuliomba ruhusa ya kuendelea na swali lile, na tukaanza na mwalimu aliyekuwa karibu, yaani mimi. Binti aliweka simu yake mezani, ikarekodi nikisoma hadithi ya darasa la tatu. Tuliposikiliza, watu watatu kwenye simu moja, ilinishangaza sauti yangu ilivyo nzito. R zangu zilikuwa sawa nilipokuwa makini. Hadithi iliponoga, fisi alipoanza kukimbia, zote zikageuka l.

Binti alisimamisha simu. Alinitazama kwa heshima zake zote.

"Mwalimu," akasema, "naomba ile kalamu nyekundu."

Tuliiandika kama data, neno kwa neno, na tukapanga kwenda kurekodi walimu wengine wiki iliyofuata. Kisha tukafungua kitabu cha kozi mpya, sintaksia, yaani muundo wa sentensi, tukasoma aya ya kwanza, tukakifunga. Hakuna aliyeelewa. Kijana wa Ukerewe akasema yeye haikubali, hata kama hajui inasema nini. Nikavuta kiti karibu, tukaanza.